Hewa Isiyo na Harufu

Njombe, Jumapili alasiri

Lusungu wangu,

Kamwene, baba. Ukiisoma barua hii ujue umefungua kisanduku cha dashibodi ya gari kama nilivyokuomba, na hilo peke yake limenipa raha. Nimeiweka chini ya pampu yako ya pumu ya akiba, ili usiweze kuifikia barua bila kuigusa pampu. Usicheke. Nakujua. Wewe ni mtu wa kutembea na chaja mbili za simu halafu ukasahau kitu kinachokupa pumzi.

Umeenda kumuaga shangazi yako kule Mjimwema, na nje kuna ule ukungu wa mwezi wa sita unaoshuka mpaka mlangoni mwa jikoni. Baba yako yuko uani anazunguka gari, anapiga mateke matairi, kana kwamba tairi likipigwa teke litasema linaumwa wapi. Kesho asubuhi unaondoka na gari hilo kwenda Ifakara kufundisha watoto wa watu hesabu. Mimi nimejifungia chumbani na karatasi, kwa sababu kila nikitaka kukuambia jambo kwa mdomo naishia kukuuliza kama umekunja mashuka.

Kwa hiyo humu hamna mashuka. Wala kula, wala kusali, wala marafiki wa kuchagua. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kukuandikia kuhusu ile harufu ya gari, na kuhusu hofu yangu. Mwezi huu vitu hivyo viwili vimeniingia pamoja na sijui tena kuvitenganisha.

Gari lenyewe unalijua kuliko mimi. Tangu baba yako alinunue, halijawahi kulala nje ya mkoa huu, na kile kitufe chenye alama ya theluji hakikuwahi kuguswa na kidole cha mtu. Nani akibonyeze Njombe hapa? Mtu unaamka unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi, halafu uingie garini ukawashe baridi nyingine? Sisi sheria yetu ilikuwa moja: vioo juu, na kile kitufe cha mshale unaozunguka ndani ya gari kibonyezwe, ili joto la miili yetu lisitoroke. Tunapumuliana mpaka Makambako. Kioo cha mbele kinafunga ukungu, mimi nakifuta kwa kitenge, baba yako anaendesha kanyoosha shingo kama bata. Nyuma kuna magunia ya viazi na kreti za parachichi, na chini zulia limelowa kwa viatu vyetu vya matope. Tuliona ndiyo maisha.

Na wewe ulikuwa na kifua chako. Kila mtu aliniambia adui ni baridi. Bibi yako alisema hivyo, majirani walisema hivyo, akina mama wa kwaya walisema hivyo, na mimi nikaamini kwa moyo wote. Nikakuvalisha sweta juu ya sweta. Nikapiga kelele miaka yote: funga kioo, funga mlango, funga dirisha! Unakumbuka siku ile mwalimu wako wa darasa la kwanza alipokuuliza jina la mama yako, ukamjibu bila kusita, "Anaitwa Funga Mlango"? Yule mwalimu alinisimulia sokoni huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nilikukasirikia siku nzima. Lakini sikuacha kufunga.

Ilipokuja ile taarifa ya kazi, watu wakaanza kukutisha kwamba Ifakara bila AC utaiva kama hindi. Ndipo tukiwa njiani kwenda Makambako, wewe kwenye usukani, jua limetoka kidogo, ukasema, "Hebu tujaribu," ukabonyeza.

Eh, Bwana! Harufu iliyotoka pale mimi sijawahi kukutana nayo. Uvundo mzito, wa gunia la maharage lililolowa likasahauliwa uvunguni. Baba yako akageuka akauliza, "Nani amevua viatu?" Tukacheka sote watatu, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha katikati ya kicheko nikasikia filimbi kifuani mwako.

Ile filimbi mimi naisikia kabla yako. Nimelala na sikio moja wazi tangu ukiwa mtoto mchanga, najua inavyoanza. Ukageuza uso dirishani, ukakohoa ndani ya mkono wa sweta, taratibu, kama mtu anayeiba. Ulifikiri sioni. Halafu ukasimamisha gari pembeni, ukavuta pampu, ukavuta tena, na mimi nimekushika shati kwa nyuma kwa sababu sikujua nishike nini. Malori yanatupita yanatutikisa. Baba yako ameshusha vioo vyote, upepo wa baridi umejaa garini, na mimi, mjinga wa Mungu, nikamwambia, "Funga, mtoto ataumwa!"

Uliweka kichwa nje ya dirisha ukavuta ile baridi kama maji. Nilikuona ukipata nafuu kwa kitu nilichokukataza maisha yako yote, na bado sikuelewa.

Yule fundi wa AC pale Makambako, mwenye maneno mengi kuliko spana, unamkumbuka. "Mama, hii ni gesi tu." Akajaza gesi, akapuliza manukato kwenye matundu ya hewa, akatuning'inizia na kile kikaratasi cha kunukia kwenye kioo cha katikati. Gari likawa kama mtu aliyejipaka mafuta mazuri bila kuoga. Ule uvundo ulikuwepo pale pale, umevaa tu nguo ya sikukuu. Na kurudi Njombe ulikohoa kuliko wakati wa kwenda.

Basi mimi nikaamua kwamba fundi hajui kitu na mimi najua. Nikaweka majani ya mkaratusi chini ya viti. Nikaweka kahawa ya kusaga kwenye kisosi. Nikaweka magadi, nikakata malimau. Baba yako alipita akachungulia akauliza, "Sasa mama, hili gari unalipika?" Nilimfukuza. Nilikuwa na hofu ya kweli, Lusungu, na mwenzako akiwa na hofu ya kweli utani unamchoma. Nilikuwa nakuona ukiwa peke yako kwenye kona za Kitonga, malori mbele na nyuma, vioo vimefungwa, AC inavuma, na kile kifua kinabana. Kila nikifumba macho nakuona hapo. Hata sasa.

Sasa lile la jiko. Tangu siku ile hatujalizungumza, wewe na mimi. Tumelizunguka tu kama baba yako anavyozunguka gari.

Nilipogusa zulia la upande wa abiria lilikuwa chapachapa, nikasema hapa ndipo harufu ilipo, likikauka yote yamekwisha. Jua hakuna, wiki nzima ni ukungu na manyunyu. Sisi hapa kitu kikilowa tunakikausha kwa jiko. Nepi zako nilizikausha kwa jiko. Sare zako za shule, viatu vyako, hata daftari uliloangusha mtaroni, vyote vilipita juu ya jiko la mkaa. Nikawasha mkaa ukawa mwekundu mzuri, hauna hata moshi, nikauweka ndani ya gari juu ya sinia, nikapandisha vioo na kufunga milango yote ili joto lisipotee. Nikaenda zangu jikoni kukanda unga, nimefurahi kabisa. Nilikuwa naimba.

Wewe ulirudi kutoka mjini umelowa, ukakuta gari lina joto kuliko nyumba. Nani asingeingia? Ukaingia na simu yako, ukafunga mlango nyuma yako. Hiyo nayo ni kazi yangu, ya kukufundisha kufunga mlango.

Nilitoka kumwaga maji nikaona vioo vimejaa jasho na nyuma yake kichwa chako kimeegemea upande. Nikadhani umesinzia. Nikasema mwache apumzike. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, nikageuka, nikapiga hatua kurudi jikoni. Kilichonirudisha sijui ni nini. Labda ni kwamba niliposikiliza sikusikia kifua chako. Hakuna filimbi, hakuna kikohozi, hakuna kitu. Na mimi katika maisha yangu na wewe sijawahi kukiamini kimya.

Nilipofungua mlango ulinitazama ukasema, "Mama, humu raha." Ulimi wako mzito kama wa mlevi. Nikakuvuta, miguu ikakataa. Nilipiga ukelele ambao baba yako anasema aliusikia akiwa anapasua mbao zake kule chini, akaja anakimbia hana viatu. Ukatapika kwenye majani. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikakupaka uso wote unga, na baba yako anakuita jina lako, anakuita, anakuita.

Pale hospitali walikuwekea hewa ya mtungi, na yule daktari kijana akanitazama bila hasira, akaniuliza tulichoma nini. Nikamwambia hatukuchoma kitu, hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu yoyote. Akasema, "Hewa ya mkaa haina harufu, mama. Ndiyo ubaya wake. Ingekuwa inanuka, mwanao angetoka mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi nikalirudia neno hilo mpaka likakosa maana. Nilikuwa nimehangaika siku zote hizo na kitu kinachonuka, na kitu ambacho nusura kiniondolee mtoto nilikiwasha mimi, nikakipepea mimi, nikakifungia milango mimi. Ule uvundo wa AC, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa unatuambia kuna tatizo. Mkaa haukutuambia kitu. Nisamehe, mwanangu. Majirani niliwaambia umeshikwa na homa, kwa aibu. Nisamehe na hilo pia.

Kesho yake baba yako hakuniambia neno la lawama, na afadhali angesema. Alikwenda kumleta yule fundi, wakakishusha hiki kisanduku cha dashibodi ulimoikuta barua. Nilisimama pale kwa sababu safari hii nilitaka kuona kwa macho. Nyuma yake wakachomoa kichujio cha hewa. Panya walikuwa wamejenga! Nyuzi za gunia, maganda ya maharage, kipande cha kitenge changu ninachokijua kabisa, na vyote vimeshikana kwa kuvu jeusi na kijani. Kila pumzi tuliyopumua humo miaka yote ilipita kwenye godoro la panya. Na ule mpira mdogo wa kutolea maji chini ya gari ulikuwa umezibwa na matope, maji yakakosa njia yakarudi kulala kwenye zulia. Nikamuuliza fundi kwa ukali mbona hakuyaona haya mwanzo. Unajua alinijibu nini? "Mama, hukuniambia panya. Uliniambia harufu." Nilitaka kumpiga na lile sinia.

Wamezibua mpira, wamepuliza povu la kuoshea ndani kwenye yale mabomba ya baridi, wameweka kichujio kipya, zulia limetolewa likakauka juu ya uzio. Mambo ya kulitunza fundi amekwambia na umeyashika, siyarudii, ila moja tu kwa sababu ni la kichwa changu mwenyewe: ukikaribia kufika, zima baridi, acha feni ivume na hewa ya nje iingie, mle ndani pakauke kabla hujalifunga gari. Maji yakifungiwa gizani ndiyo yanayovunda. Na usinining'inizie kikaratasi cha kunukia humo. Gari likinuka, acha linuke mpaka ujue kwa nini.

Sijui kama ni ile hewa iliyokuumiza kifua miaka yote. Nilimuuliza daktari, akasema kuvu linaweza, vumbi linaweza, baridi nayo inaweza, hakuna wa kuapa. Kwa hiyo nimebaki na hili la kutojua, na ni kubwa. Nikikumbuka safari zetu, wewe katikati ya magunia, umefungwa masweta, vioo juu, mimi najisifu moyoni kwamba nakulinda, naona baridi mgongoni ambayo siyo ya Njombe.

Juzi tulipokwenda nalo Makambako na kurudi, AC imewashwa njia nzima, nilikaa nyuma nikajifanya nafuma kofia. Sikufuma hata mstari. Nilinusa mpaka pua ikauma. Hakuna kitu. Nikasikiliza kifua chako. Hakuna kitu. Wewe na baba yako mnaongelea mpira kwa furaha, na mimi huko nyuma nanusa tena, nasikiliza tena. Zamani nisiponusa kitu nilisema tuko salama. Sasa nisiponusa kitu ndipo ninaposhtuka. Hilo ndilo lililonipata mwezi huu, na sijui litanitoka lini.

Baba yako aliniuliza tukiwa tumefika, "Unamwogopea mtoto, au unaogopa kubaki na mimi?" Nikamwambia vyote. Akacheka, lakini nilimwona usiku anageuka geuka.

Nataka nikuambie na jambo la bibi yako. Siku niliyoondoka kwake Lupembe kuja kuanza maisha na baba yako, nilipanda kwenye lori la majani ya chai, na kabla lori halijang'oa nanga mama yangu aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango. Hakupunga mkono. Niliishi na hasira hiyo muda mrefu, nikisema mama yangu alinifungia mlango nikiwa bado naonekana. Nilipokuzaa wewe nikafanya yale yale kwa jina la upendo. Leo nikiwa humu chumbani ndipo nimemwelewa. Hakunifungia mimi. Alikuwa anazuia sauti yake isinifikie.

Mimi kesho sitafunga. Nakuahidi. Nitasimama pale mlangoni mlango ukiwa wazi, baridi iingie mpaka kwenye vitanda kama inataka, na ukiwa unatoka getini kama nitalia utanisikia nalia. Ni afadhali unisikie. Nawe shusha kioo upande wangu, kata ile kona ya kwa muuza mkaa kioo kikiwa chini, nikusikie kama unakohoa.

Na huko uendako, baba, usikohoe tena ndani ya mkono wa sweta. Hilo ndilo ombi langu kubwa. Kifua kikibana, sema kifua kinabana. Kazi ikikushinda, sema. Ukipata mtu wa kukupenda halafu mambo yakaanza kuvunda, usinipulizie manukato kwenye simu, "sisi wazima, mama, hatujambo." Niambie yakiwa bado yananuka. Nitapiga kelele, unanijua. Pengine nitakuletea mkaratusi mpaka Ifakara. Lakini kelele zangu zinakwisha, na kitu nilichokisikia naweza kukisaidia. Kile nisichokisikia ndicho kinachoniua.

Nasikia baba yako anaongea na mtu uani, nadhani umerudi. Naam, ni wewe, unamuuliza niko wapi. Nitatoka sasa hivi na nitakuuliza kama umekunja mashuka, na utaguna, na hutajua kwamba nimetoka kulia.

Usiku wa kesho nyumba hii itakuwa na mkoromo wa baba yako tu. Wengine wangesema huo si kimya, maana unatikisa bati. Lakini kwangu siyo sauti niliyozoea kuilalia. Tangu ulipozaliwa nimelala nikisikiliza kifua kimoja kupitia ukuta, na usiku nisipokisikia naamka, naja mpaka mlangoni kwako, nasimama gizani mpaka nione blanketi linapanda na kushuka. Hukuwahi kujua. Hata juzi nilikuja, na wewe una ndevu.

Kwa hiyo ukifika, hata kama umechoka, hata kama ni usiku mkubwa, nipigie. Nitapokea kabla haijalia vizuri. Usinieleze safari, usinieleze nyumba wala joto la huko. Usiseme kitu kwanza. Pumua tu kwenye simu, nisikie.

Mama yako,
Funga Mlango